Ndege Huyu, Ndege Hii

Kwetu neno ni moja tu, ndege. Kiambishi ndicho kinachotuambia kama tutazame mbawa za manyoya au za bati: ndege anaruka, ndege inaruka. Heroe wa Ziwa Natron, Tanzania, huvuka mpaka akatua Bogoria, Kenya, wala hakuna anayemuuliza kitu. Chombo cha viti vinne kikiuvuka mpaka huohuo kutoka Kilimanjaro hadi Wilson, Nairobi, rubani hushuka na mkoba wa makaratasi.

Tuufungue mkoba. Kuna pasipoti, kuna leseni, na mazoea yetu ni kuziita zote vitambulisho. Hapo tunateleza. Kitambulisho kimezaliwa na kutambulisha, yaani kumfanya mgeni ajulikane kwa wasiomjua, na leseni si lazima ifanye hivyo. Kadi ya rubani wa Marekani ina sura mbili, ya Orville na ya Wilbur Wright, ndugu walioruka karibu na Kitty Hawk mwaka 1903. Sura ya mwenye kadi haimo! Ndiyo maana tangu 2002 sheria ya huko inamtaka rubani awe pia na kitambulisho chenye picha. Na kadi yenyewe, kisheria, Wamarekani huiita cheti. Tofauti si ndogo: cheti hushuhudia, leseni huruhusu.

Chombo nacho kina karatasi zake. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 29, unakitaka kibebe cheti cha usajili, cheti cha kufaa kuruka, kitabu cha safari, leseni za marubani, leseni ya redio kama redio ipo, na majina ya abiria kama wamo. Kifungu cha 17 kinakipa utaifa wa nchi kilikosajiliwa. Utaifa, nasisitiza, si uraia. Uraia ni wa raia, na chombo hakiapi wala hakipigi kura. Utaifa huo huandikwa ubavuni: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Kifungu cha 18 hakikubali usajili wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Mkenya ameruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010, lakini ndege yake itabaki na utaifa mmoja.

Basi afisa wa mpakani, ajue asijue, anafanya kazi ya sarufi. Anauliza, "Huyu ni nani?" Pasipoti inajibu. Anauliza, "Hii ni ya wapi?" Cheti cha usajili kinajibu. Linabaki swali la tatu, linaloyaunganisha hayo mawili: je, huyu anaruhusiwa kuirusha hii? Hapo ndipo leseni, isiyomtambulisha mtu, inapopata kazi yake.

Heroe hana swali la tatu. Kwake mrukaji na kirukacho ni kitu kimoja.