Ndege Asiye na Mkalimani: Alama Ndogo za Mzazi Aliyefariki Katika Jiji la Nairobi

Kiumbe arukaye Kiswahili humwita ndege, na dalili ya kheri au ya shari nayo huitwa ndege. Msafiri wa zamani aliyekutana na jambo asilolipenda njiani aligeuza akarudi kwake, akisema amepata ndege mbaya. Neno hili nimelifikiria sana tangu nilipoondokewa na mama. Alfajiri ya kwanza niliyoamka Kangemi baada ya kumzika Vihiga, kwarara walipita juu ya paa wakipiga yowe lao, wale ndege wakubwa wenye midomo mirefu iliyopinda ambao huamsha mitaa yote ya magharibi mwa Nairobi, Lavington ya matajiri na kwetu pia. Mama alizoea kuwajibu akiwa kitandani: "Nishaamka, nendeni mkaamshe wengine." Nikasikia jibu lile likitamkwa. Lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Nililia, kisha nikapata nafuu ambayo sikuipata siku zote za matanga. Nafuu hiyo yastahili kuelezwa kwa makini. Dai langu ni kwamba, katika Nairobi, alama ndogo za namna hii hufanya kazi ya kaburi, kwa kuwa kaburi lenyewe liko mbali.

Mji huu huwasafirisha wafu wake. Kamati ya mazishi hukutana jioni katika ukumbi wa kanisa au hotelini. Michango huingia kwa M-Pesa. Jeneza huondoka kwa Waiyaki Way kuelekea Nakuru na mbele yake. Jumatatu wafiwa wako kazini. Mzazi aliyezikwa kwao amezikwa vyema, ila mtoto wake aliyebaki jijini hana mahali pa kung'oa magugu wala pa kusimama kimya dakika tano akitoka kazini. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996, na familia nyingi hazikuwa zikiyatamani hata kabla ya hapo. Waislamu wa jiji wana hali tofauti: huzika haraka, na makaburi yao ya Kariokor yako karibu na katikati ya mji, hivyo mtoto aweza kupita akamwombea mzazi wake dua. Wengi wetu wengine tuna picha kwenye simu.

Sigmund Freud, katika insha yake ya 1917 kuhusu maombolezo, aliona kwamba kazi ya mfiwa ni kuuondoa moyo wake kidogo kidogo kwa aliyekufa mpaka uwe huru kupenda tena. Fikra hiyo ilitawala kwa miongo mingi. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walitoa kitabu kilichoipinga: wafiwa wengi wenye afya njema ya akili huendelea na uhusiano wao na marehemu, ila katika sura nyingine. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo halikuwa jipya. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikuwa ameandika mwaka 1969 juu ya wafu walio hai, na kuueleza wakati aliazima maneno yetu mawili, Sasa na Zamani. Aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, aliyemjua kwa sura. Huzama katika Zamani pale mtu wa mwisho wa aina hiyo anapoondoka. Mbiti alikosolewa, na kwa haki, kwa kuzijumlisha jamii nyingi mno chini ya kanuni moja. Hata hivyo wazo lake lanisaidia kuelewa yale mayowe ya alfajiri. Kwarara hawakuniletea ujumbe kutoka kuzimu. Walinipa nafasi ya kumtamka mama katika Sasa.

Mwanasaikolojia atasema kwamba akili ya mfiwa hutafuta maana hata pasipo na maana. Nakubali. Kwarara hulia kila asubuhi, kwa aliyefiwa na asiyefiwa, na mfiwa analijua hilo vizuri.

Jambo gumu zaidi ni kwamba ishara zina upande wa kutisha. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Katika kesi hiyo, iliyojadiliwa nchi nzima, mashahidi wa ukoo walieleza jinsi roho ya asiyezikwa ipasavyo inavyoweza kuwaandama walio hai. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo Mei 1987. Siwadharau mashahidi wale, kwani walisema walichokiamini. Lakini ishara zao zilikuwa na madai: zilimwelekeza mjane la kufanya, na zilihitaji wazee wa kuzifasiri. Ishara ya kufariji haina mkalimani wala haidai kitu. Ukishamlipa mtu akufasirie ndoto ya baba yako, kama yanavyoahidi yale matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme mjini, umeingia kwenye biashara, na mara nyingi kwenye hofu.

Alama isiyo na mkalimani yaweza kuwa hata tarehe. Profesa Wangari Maathai ni mmoja wa wachache ambao kumbukumbu yao ya mwisho iko hapahapa upande wetu. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji. Mwili wake ulichomwa Kariokor tarehe 8 Oktoba 2011, na majivu yake yamewekwa katika taasisi yenye jina lake, Upper Kabete. Tarehe 8 Oktoba ndiyo siku Tuzo ya Nobel ya Amani ilipotangazwa kuwa yake, mwaka 2004. Sijui kama watoto wake waliiona tarehe hiyo kuwa alama, wala si juu yangu kuwasemea. Mimi niliiona nilipokuwa nikisoma habari zake msibani, nikafunga kitabu kwa muda.

Mwisho wa mwezi nilikuwa nikimtumia mama pesa. Bado naiandika namba yake, kiasi nacho, hadi jina lake lijitokeze kwenye kioo kuuliza kama ndiye ninayemtumia. Nalitazama, kisha naghairi. Dada yangu humwekea kredo ya shilingi 20 mara kwa mara ili laini isifungwe. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, niligundua tu siku nilipotaka kufanya lile lile. Namba zisizotumika hurudishwa sokoni, na siku moja litajitokeza jina la mtu nisiyemjua. Dada amesema akiliona kabla yangu atanipigia, asubuhi, baada ya kwarara kupita.