Nani Alizihesabu Saa za Nungwi?

Bwejuu, Unguja, haiko kwenye njia ya meli ya Spice Islander I. Kijiji hiki kinatazama mashariki, kwenye mwamba na bahari kuu, wakati meli ilizama kaskazini, ikielekea Pemba. Hata hivyo, uliza ufukweni maji yakipwa na kinamama wakiwa kwenye mwani: kila mtu ana jibu. “Ilijaza watu, mwanangu, ikazama,” aliniambia mzee mmoja. Kweli kabisa. Lakini simulizi hiyo inaishia palepale meli inapozama. Waliobaki hai majini walifikiwa saa ngapi?

Nikashika njia ya Paje, Jozani, mjini, hadi bandari ya Malindi. Meli iling'oa nanga hapa usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011. Ilizama baada ya saa sita usiku, ng'ambo ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Watu walielea juu ya magodoro. Nilitaka kuanza na orodha ya abiria, na hapo ndipo nyayo zinapofutika: waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa. Bila orodha, muokoaji atajuaje awatafute wangapi, na asimame lini?

Ripoti ya Tume ya Uchunguzi wa ajali hiyo ilitoka Januari 2012. Meli ya abiria 645, ilisema, ilibeba watu 2,470. Miili iliyopatikana ni 203, waliopotea 1,370. Nimezipima hesabu hizi kwa shaka. Jina moja laweza kuandikishwa na ndugu wa Unguja, kisha na ndugu wa Pemba. Lakini mtoto wa mgongoni hakatiwi tiketi, na aliyesafiri peke yake huenda hana wa kumtaja. Shaka inavuta pande zote mbili. Ni wangapi kati ya hao 1,370 walikuwa bado wanapumua alfajiri?

Wapo wanaosema mkondo wa Nungwi ndio uliomaliza kila kitu. Sikatai kuwa ni mkali. Ila mkondo hauelezi simu ya kwanza ilipokewa saa ngapi, boti ipi iliondoka, ilikuwa na mafuta kiasi gani, nani aliamuru. Hayo hupimwa na mtu asiyehusika na uokoaji wenyewe. Feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, ilipinduka mwaka 1987, wakafa watu 193; kufikia 1989 nchi hiyo ilikuwa na wachunguzi huru wa ajali za majini, wanaotafuta chanzo bila kumshtaki mtu. Kwetu, kinachonukuliwa kila mara ni idadi ya watu. Mbona saa hazitajwi?

Tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, MV Skagit, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Safari hii ilikuwa mchana, na si mbali na mji wa Zanzibar. Ilikuwa miezi sita tu tangu ripoti itoke. Katika miezi hiyo, kuna aliyekaa na kumbukumbu za simu na safari za boti za usiku ule wa Nungwi, akazipima dakika kwa dakika?