Fegi, Shisha, Vepu, Velo, Kuber: Jua Kenye Unaweka Mdomoni

Uliza wasee wa base kama wanavuta. Wa kwanza atakubali, juu ana fegi nyuma ya sikio na hawezi kuruka. Wa pili atasema zii, yeye ni shisha tu, tena ni wikendi. Wa tatu ana vepu ya ladha ya embe, anakwambia hiyo ni mvuke tu. Wa nne atakuonyesha mkebe wa Velo na akuapie hajawahi gusa tumbaku maishani.

Hao wanne wote wako kwa kitu moja, na hiyo kitu ni nikotini. Tofauti iko kwa maswali mawili: hiyo nikotini inafika kwa ubongo haraka aje, na inakuja imebeba nini ingine?

Tuanze na fegi juu ndiyo kila mtu anaijua. Tumbaku ya sigara moja huwa na miligramu kama 10 hadi 15 za nikotini, lakini mwili unachukua 1 ama 2 hivi. Si nyingi. Noma iko kwa mwendo. Ukivuta, moshi unaingia kwa mapafu, unashika damu, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 nikotini iko kwa ubongo. Ukivuta mara kumi kwa fegi moja, umeufunza ubongo mara kumi. Ndiyo maana mtu anaanza na moja ya Ijumaa na baada ya muda anatafuta ya asubuhi kabla ya chai.

Lakini nikotini ndiyo inakufunga, kenye kinakuua sanasana ni moshi. Tumbaku ikichomeka hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta kansa. Ongeza lami inayokaa kwa mapafu, na kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko la makaa inayomaliza watu wakilala na madirisha yamefungwa.

Usidanganywe na zile za kuitwa laiti. Filta yake ina vishimo vidogo vya kuingiza hewa, na vidole vyako huvifunika bila wewe kujua, halafu unavuta kwa nguvu zaidi ndio usikie kitu. Za mentholi, pamoja na zile za kubonyeza kile kidonge ndani ya filta, hupoesha koo tu. Moshi haukwaruzi, kwa hivyo unaushusha chini zaidi.

Na hapa kuna kitu huwa inanishangaza. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuzia mtu chini ya miaka 18, na pia inakataza kuuza sigara kwa pakiti iliyo na chini ya kumi. Sasa enda duka ya mtaa uitishe moja. Utapewa, na kiberiti utaazimwa, na patco ya kuua harufu utauziwa hapo hapo. Zile picha za kutisha ziliwekwa kwa pakiti kuanzia 2016, lakini mtu wa kununua moja moja haonangi pakiti. Anayeiona ni mwenye duka.

Shisha nayo ndiyo ina uwongo mingi kuliko zote. Watu husema maji yanachuja. Maji yanapoesha moshi, basi. Hiyo tumbaku imelowekwa kwa asali ama sukari ya matunda, halafu inapashwa na makaa, kwa hivyo unavuta moshi wa tumbaku na gesi ya makaa kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema mtu akikaa kwa shisha saa moja anaweza kuvuta moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa fegi moja. Huo ni ujazo wa moshi, si nikotini, lakini kile kizunguzungu unaita "stimu" mara nyingi ni damu imekosa oksijeni. Na mpira mmoja unazunguka midomo sita, so kifua kikuu na homa pia zinapata lifti.

Kenya ilipiga shisha marufuku Desemba 2017: kuuza, kuingiza nchini, kutengeneza, kuvuta na kutangaza. Korti Kuu ikaunga mkono 2018. Januari 2024 mahakama ya Shanzu kule Mombasa ikaachilia watu walioshtakiwa, ikisema wizara haikupeleka hizo kanuni Bungeni venye iliagizwa. NACADA wakasema marufuku bado iko. Ukishikwa kwa klabu, hiyo mjadala haitakusaidia usiku huo.

Sasa vepu. Hapa hakuna kuchoma majani. Betri inapasha maji yaliyo na nikotini, propilini glaikoli, gliserini na ladha, unavuta mvuke. Tuseme ukweli: kwa mtu mzima aliyekuwa anamaliza pakiti kwa siku na akahamia huko kabisa, anapata sumu kidogo kuliko ya moshi. Lakini kama hujawahi kuvuta, hakuna kitu umeokolewa. Umeanza tu.

Tena soma hiyo boksi. Zile za kutupa zikiandikwa 5%, hiyo ni miligramu 50 kwa kila mililita. Kama ina mililita 10, umebeba miligramu 500 za nikotini kwa mfuko. Hata kama si yote itaingia mwilini, gawanya na zile 1 ama 2 za fegi ujionee. Na juu nikotini yake huwa ya chumvi, haichomi koo, kwa hivyo hakuna kitu ya kukwambia imetosha. Fegi huisha na kujizima. Vepu inakaa mkononi kutoka asubuhi hadi ulale.

Kuhusu ile stori ya mapafu ya Marekani 2019: watu zaidi ya 2,800 walilazwa na 68 wakafa. Nyingi ya hizo kesi zilihusishwa na vepu za bangi zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E, sanasana za kununuliwa kichinichini. Fikiria hiyo ukiletewa vepu ambayo hata mwenye kuuza hajui imejazwa nini.

Vifuko vya nikotini, vile unaweka chini ya mdomo wa juu, vilikuja Kenya 2019 kwa jina Lyft, kutoka BAT. Vilikuwa vimesajiliwa kama bidhaa ya dawa, na 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akapinga huo usajili, vikatolewa sokoni. 2022 vikarudi na jina Velo. Ndani hakuna majani ya tumbaku, hiyo ni kweli. Lakini nikotini yenyewe mara nyingi hutolewa kwa tumbaku, na kifuko kimoja cha miligramu 10 kinaweza kukupiga kuliko fegi. Kutapika, jasho baridi na moyo kukimbia si "kuzoea". Hiyo ni sumu ya nikotini. Mwaka wa 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada Seneti ndio vepu na hivi vifuko viwekewe sheria kama fegi.

Kuber ni mambo ingine kabisa. Ile ni tumbaku ya kusagwa, inakuja kwa vipakiti vidogo ambavyo mzazi akiviona atadhani ni majani chai. Unaweka kwa mdomo, inakuzungusha. Iko kwa familia moja na ugoro wa guka. Na wazee walijua kemia: ile magadi wanachanganya na ugoro hufanya nikotini ipite kwa ngozi ya ndani ya pua na mdomo haraka zaidi. Hakuna moshi, kwa hivyo mapafu yanapona, lakini kansa ya mdomo, ya umio na ya kongosho ziko hapo.

Kiko na siga ni za wachache. Lakini kwa wale husema "mimi ni bangi tu": ile karatasi ya blanti ya rangi ya kahawia mara nyingi hutengenezwa na jani la tumbaku. Kama unahisi unaitaka kila siku, huenda si bangi inakuita.

Mwisho kuna nikotini ya kemisti: chingamu, peremende na plasta ya kubandika kwa ngozi. Hizi zinaenda polepole, plasta inaachilia kidogo kidogo kwa saa 16 ama 24, ndiyo sababu ni ngumu kunaswa nazo na zinasaidia kuacha. Kosa la wengi ni kutafuna hiyo chingamu kama PK. Unaitafuna mara chache hadi uskie ladha ya pilipili, unaiegesha kando ya shavu, ikipoa unatafuna tena. Ukitafuna mfululizo unameza nikotini, tumbo inachafuka, halafu unasema haifanyi. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Laini ya NACADA ni 1192, haina malipo.