Samaki Waliopandishwa Mlimani

Wasikilizaji wetu, baadhi yenu mkaao karibu na mlima Kenya na milima ya Nyandarua mwamjua samaki aitwaye trauti. Huyu si mwenyeji wa nchi ya Kenya. Wa kwanza walitoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura mwaka 1905. Na yule mwenye utepe mwekundu ubavuni, ambaye Waingereza humwita kwa jina la upinde wa mvua, asili yake ni mito ya magharibi ya Marekani. Leo twataka kuzungumza habari za huko kwao. Maana hata kwao samaki hawa walipandishwa mlimani kwa mikono ya watu, wakatiwa katika maziwa ambayo hawakuwamo tangu awali, na mambo yaliyofuata yafaa kujulikana.

Katika jimbo la California iko safu ya milima iitwayo Sierra Nevada, jina la Kihispania lenye maana ya milima ya theluji. Urefu wake wapata maili 400, na kilele chake kikuu, Whitney, kina futi 14,505. Zamani za kale barafu nene ilifunika sehemu za juu, ikateremka polepole mabondeni huku ikichimba mwamba kama patasi ichimbavyo ubao. Ilipoyeyuka yalibaki mashimo, nayo maji yakayajaza. Ndiyo asili ya maelfu ya maziwa yaliyoko huko, yenye maji baridi na maangavu, hata mtu asimamaye ukingoni aweza kuyaona mawe ya chini. Lakini mito itokayo humo hushuka kwa maporomoko marefu, wala hapana samaki awezaye kuyapanda. Kwa hiyo, ukiacha vijito vichache vya upande wa kusini, maziwa na mito ya juu ya futi 6,000 karibu yote haikuwa na samaki hata mmoja.

Watu walikuwako. Wamiwok wa upande wa magharibi na Wapaiute wa upande wa mashariki walivuka milima hiyo wakati wa kiangazi, wakabadilishana chumvi, matunda ya mwaloni, na lile jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo, ambalo walilichonga vichwa vya mishale. Walilala kando ya maziwa yale kwa vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kufika na hema la turubai. Twasema hivi kwa sababu vitabu vingi huanza habari za milima hii na Wazungu, kana kwamba kabla yao mlikuwa na mawe matupu.

Wazungu walipofika waliona maji mazuri yasiyo na samaki, wakayahesabu kuwa ni maji ya bure. Mwaka 1876 wenye kiwanda cha kupasua mbao upande wa mashariki wa milima walikwenda kwenye kijito kiitwacho Mulkey, wakavua trauti wa dhahabu, samaki mdogo mwenye ubavu wa manjano na tumbo jekundu, mzuri kuliko wote wa jamaa yake. Wakawatia kama kumi na watatu hivi katika birika la kahawa, wakavuka nao kilima, wakawamimina katika kijito cha Cottonwood, karibu na kiwanda chao. Samaki wale walizaana. Mwaka 1891 baadhi ya wazao wao walipandishwa tena hata maziwa ya Cottonwood, yaliyo juu ya futi 11,000, na baadaye mayai yao yakachukuliwa kupandwa katika maziwa mengine mengi. Hayo yote yalitokana na birika moja!

Kisha wakaja wapenda milima. Chama cha Sierra Club kiliundwa mwaka 1892, na rais wake wa kwanza alikuwa Bwana John Muir, aliyeipigania sana milima ile isiharibiwe. Tangu mwaka 1901 chama hicho kilipeleka watu mlimani kila kiangazi. Safari ile ya kwanza ilikuwa na watu wapatao mia. Mizigo ilibebwa na nyumbu, yaani mnyama azaliwaye kwa punda na farasi, hodari wa njia za mawe. Jioni hema zilisimamishwa, moto ukawashwa, na mwenye mshipi akaenda ziwani na ndoana yake iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu. Samaki aliyevuliwa jua likizama alikuwa kikaangoni kabla giza halijaingia. Ni nani ambaye hangependa chakula kama hicho baada ya kupanda mlima kutwa? Kwa hiyo wapenda milima wenyewe walishiriki kazi ya kupanda samaki, nao waliona kwamba watenda wema.

Samaki wachanga walichukuliwa katika madebe ya maziwa migongoni mwa nyumbu. Mchungaji hakuthubutu kusimama sana njiani, kwa sababu kutikisika kwa debe ndiko kulikoyatia maji hewa, na maji yakitulia samaki hufa. Baada ya vita ya pili ya dunia kazi ikahamia kwenye ndege. Rubani alipita juu ya ziwa, akafungua tangi, na samaki wadogo wakaanguka kama mvua. Ziwa lililohitaji safari ya siku tatu likapata samaki wake kwa dakika moja.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Maziwa yale hayakuwa matupu. Wataalamu wawili, Joseph Grinnell na Tracy Storer, walioandika kitabu juu ya wanyama wa Yosemite mwaka 1924, walieleza kwamba chura mmoja mdogo mwenye miguu ya manjano alikuwa mwingi huko juu kuliko wenziwe wote. Waliona pia kwamba palipo na trauti, vyura hawa aghalabu hawapo. Maneno yale yalichapishwa, na samaki wakaendelea kupandwa.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Vyura wa kwetu huweza kuzaa katika dimbwi la mvua, na viluwiluwi wakageuka vyura kabla dimbwi halijakauka. Lakini huko juu kuna baridi, na kiluwiluwi huhitaji miaka miwili, mitatu, hata zaidi kidogo, mpaka amekuwa chura. Kwa hiyo hana budi kukaa katika ziwa lenye kina, lisilokauka wakati wa jua wala kuganda mpaka chini wakati wa theluji. Na ziwa la namna hiyo ndilo lilelile limfaalo trauti. Basi kiluwiluwi hana pa kukimbilia, naye ni tonge laini.

Kuanzia miaka ya 1990, Roland Knapp na wenzake walikagua maziwa mengi, moja baada ya moja, wakathibitisha jambo hilo. Waliona pia kwamba samaki hula wadudu wa majini ambao wakiota mabawa huwa chakula cha ndege wa mlimani, na kwamba nyoka walao vyura hupungua pamoja na vyura wenyewe. Katika hifadhi ya Yosemite upandaji wa samaki ulikoma mwaka 1991. Kwingine maziwa kadha yaliwekwa majarife ili kuwaondoa samaki kabisa, na katika miaka michache tu vyura wakawa wengi tena.

Kwa bahati mbaya ukaingia ugonjwa wa kuvu ushikao ngozi ya chura, ukaua makundi mazima, hata katika maji yasiyo na samaki. Mpaka sasa vyura hawa wametoweka katika zaidi ya sehemu tisa kwa kila kumi walizokaa zamani, na mwaka 2014 serikali ya Marekani iliwaandika katika orodha ya wanyama walio hatarini kupotea.

Wavuvi wengine walinung'unika, wala hatuwacheki. Mtu aliyefundishwa kuvua na babu yake kando ya ziwa fulani huona uchungu kuambiwa kwamba samaki wale hawakupaswa kuwamo. Lakini maziwa yaliyoondolewa samaki ni machache, na mwenye mshipi bado ana maziwa mengi ya kupigia kambi. Tangu mwaka 2006 wataalamu wamekuwa wakiwachukua vyura waliostahimili ugonjwa ule na kuwahamishia katika maziwa ya Yosemite yasiyo na samaki. Mwaka 2024 walitangaza kwamba baadhi ya makundi hayo yamesimama, nayo huzaana bila kuongezewa wengine.