Demio ya Anko, na Redio Ambayo Bado Inaishi Japani

Wasee, kabla mniulize: ndio, mimi ndiye niliyeua redio ya Demio ya anko. Ilikuwa Embu, Jumapili baada ya chakula, na familia nzima imesimama nje inanitazama. Anko aliniita kwa sababu "wewe si ndiye ulisomea kompyuta". Nilisomea kweli, semesta tatu, halafu nikaacha chuo. Hiyo sehemu ya mwisho huwa anaisahau akiwa na shida.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Gari lilikuwa limetoka Mombasa juzi juzi, linang'aa, lakini Wimwaro FM halishiki. Muuga pia, hata tukiwa Meru, hakuna. Anko alidhani eria imevunjika. Eria ilikuwa sawa kabisa. Redio ndiyo ilikuwa haijui iko Kenya.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hii stori ni kubwa kuliko Demio moja.

Japani walipanga FM yao kuanzia 76 hadi 90. Siku hizi wameongeza hadi 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108, kama sehemu kubwa ya dunia. Sasa angalia miaka ya 90 hapa kwetu. Serikali ilifungua soko, na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Muongo huo huo ikafungua na mawimbi ya redio: zamani ilikuwa KBC tu, halafu Capital FM ikaja 1996, Kameme ikafuata 2000, na baadaye stesheni za lugha zetu zikajaa kila mahali. Uhuru wa aina mbili ukakutana ndani ya dashibodi moja, na haukutoshana. Una gari, una stesheni inayoongea Kimeru, na hizo mbili haziwezi kusikizana.

Mafundi walimaliza hiyo stori kwa kidude kidogo kinaitwa ekspanda. Kinakaa kati ya eria na redio, na kazi yake ni kutoa. Kikitoa 20, stesheni ya 98 inaonekana kwa redio kama 78. Ndio hiyo tu. Mimi nimekua Meru nikijua stesheni ya mama iko 82 na pointi fulani, kwa sababu ndivyo Corolla ya mzee ilivyosema. Siku nilipopata simu yangu ya kwanza yenye redio nilitafuta 82 mpaka nikachoka. Simu haikuwa hata na 82! Nilidhani imefungwa.

Naipenda sana ekspanda, na si kwa sababu ya utoto. Ilikuwa inafungwa na mtu yeyote mwenye bisibisi. Hakuna aliyeandikia Japani barua ya kuomba ruhusa.

Halafu redio ikageuka kompyuta. Japani walianza mapema: 1981 Honda walitoa Electro Gyrocator, kifaa cha kuonyesha njia ambacho hakikutumia setilaiti hata moja, ramani ilikuwa karatasi ya plastiki unaiweka mbele ya skrini. Kufikia 1990 Mazda Eunos Cosmo ilikuwa na GPS. Vizuri kwao. Lakini wajukuu wa hizo mashine ndio wanashuka Mombasa leo, na ndani yao kuna ramani ya Osaka. Betri ya gari ikifa siku moja tu, redio nyingi za Toyota zinaamka na maandishi ya Kijapani zikidai kadi ya ramani, kadi ambayo mara nyingi haikufika nawe, au zinataka namba ya ERC. Hapo bisibisi haisaidii. Unatafuta mtu wa kukuuzia namba ya kufungua kitu ambacho tayari ni chako. (Wenye Probox za miraa kule Maua wanacheka tu. Redio yao ina vitufe sita na haijawahi kuwadai kitu.)

Na kompyuta inahitaji masasisho. 2015, Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba wanaweza kuingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mfumo wake wa redio na kulizima likiwa barabarani, wao wakiwa wamekaa nyumbani. Kampuni iliita magari milioni 1.4 na kutumia wenyewe fulashi kwa posta. 2022, kule Seattle, stesheni ya KUOW ilirusha picha ambazo majina ya faili zake hayakukamilika, na Mazda za 2014 hadi 2017 zilizokuwa zinaisikiliza zikakwama hapo hapo. Wenyewe waliambiwa wanaweza kuomba kubadilishiwa bure.

Sasa niambie, hiyo fulashi ya posta ingeletwa Embu kwa nani? Sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka 8. Kwa hivyo linafika likiwa na miaka sita au saba, na kwenye kumbukumbu za kiwandani mwenyewe ni mtu fulani wa Nagoya ambaye alishalisahau. Tunanunua injini na viti. Ule uhusiano wa gari na waliolitengeneza unabaki bandarini Japani.

Kwa hivyo tunajifanyia. Nilisikia kwamba ukibadilisha programu ya Demio iwe ya eneo lingine, redio inafika 108. Programu ya hizo Mazda inakuja kwa faili mbili, moja ya usalama na moja ya kusakinisha upya, na kila eneo la dunia lina yake. Mimi nilipakua ya Amerika Kaskazini kwa sababu ndiyo niliyoiona kwanza. Kosa la kwanza. La pili, niliwasha skrini na injini ikiwa imezimwa, betri kuukuu, nikaacha sasisho liendelee huku watoto wanafungua na kufunga milango. Katikati, taa zikafifia. Skrini ikaonyesha nembo, ikazima, ikaonyesha nembo, ikazima.

"Kijana, umeizima?"

"Imejizima, anko."

Anti alicheka. Anko hakucheka, kwa sababu kamera ya nyuma pia ilienda na skrini, na wiki hiyo hiyo akarudi nyuma akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Nililipa taa. Halafu nikachangia redio ya Android kutoka China, shilingi 18,000 pamoja na kufungiwa, pesa yangu ya video za miezi miwili. Ile ya zamani iko chini ya kitanda changu hapa Meru, bado ninaamini nitaifufua.

Fundi alimaliza saa kumi jioni. Akawasha. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina.

Anko akanigeukia. Mimi nikatia mikono mfukoni.