Madini Mazito na Njia ya Kuyafikisha: Mazingatio kutoka Kintinku

Imezoeleka katika hotuba na katika magazeti kuyataja madini ya nchi yetu kana kwamba ni mali iliyokwisha kupatikana, ambayo imesalia kazi ya kuinama na kuiokota. Na kwa kuwa mazoea haya yamekita katika fikira za watu wengi, hata wale wenye elimu, aghalabu hatuulizi swali ambalo kila mfanyabiashara wa chumvi au nafaka hulitanguliza kabla hajafungua kibindo chake, yaani: itanigharimu kiasi gani kuitoa bidhaa hii ilipo, kuisafisha, na kuifikisha kwa mnunuzi? Nadai katika makala haya kwamba swali hilo ndilo msingi wa matatizo yote ya kiuchumi na ya kiufundi katika sekta ya madini, na kwamba mahali pa kulichungua ni Kintinku na nchi inayoizunguka.

Kintinku imo katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, juu ya Reli ya Kati, katika tambarare iliyo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kabla garimoshi halijaanza kupanda kuelekea Saranda na Manyoni. Mashariki yake ni mbuga ya Bahi, ambayo ina urani, hupokea maji ya mto Bubu, na haina njia ya kuyatoa kwenda baharini. Magharibi, juu ya ukuta, ni Itigi yenye jasi. Na kaskazini mwa mkoa, katika Iramba, ni Sekenke, palipochimbwa dhahabu tangu zama za Wadachi. Madini matatu, basi, ya tabia tatu mbalimbali: dhahabu, jasi na urani.

Tuanze na dhahabu, maadam ndiyo iliyotangulia. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa mwaka 1907 na kuanza kuchimbwa mwaka 1909, wakati reli ilikuwa haijafika hata Dodoma. Na katika mwaka 1916, Wadachi walipozingirwa vitani na kukosa sarafu, dhahabu hiyo ndiyo waliyoipiga chapa huko Tabora ikawa sarafu za rupia 15. Hayo yaliwezekana kwa sababu dhahabu ina thamani kubwa katika uzito mdogo, hata ile iliyotolewa katika tani nzima ya mwamba huweza kufumbatwa katika kiganja, kwa hiyo haijali sana umbali wa njia. Adui wa dhahabu ni kina cha shimo, maji yanayojaa ndani yake, na bei. Tangu mwaka 1934 hadi 1971 kima rasmi cha dhahabu kilifungwa katika dola 35 kwa wakia moja, hali ujira, baruti na mafuta vikizidi kupanda. Na mgodi wa Geita, uliokuwa mkubwa kupita yote nchini, ulifungwa mwaka 1966. Mwamba haukwisha dhahabu. Ilikwisha nafasi iliyokuwapo baina ya gharama na bei, na ndiyo maana bei ilipopanda, wachimbaji walirudi, hata Singida ikapata mgodi wake wa kisasa katika Wilaya ya Ikungi, uliotoa dhahabu ya kwanza mwaka 2023.

Mchimbaji mdogo, ambaye hana mtaji wa mgodi wa kisasa, hupambana na adui mwingine asiyemwona. Husaga mawe kwa karasha, huosha unga wake katika mwalo, na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Lakini zebaki hukamata chembe zilizo huru tu, na zile zilizofungamana na mwamba huenda na marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa. Mwenye mtambo wa sayanaidi huja kuyanunua marudio hayo kwa bei ndogo na kupata ndani yake dhahabu ambayo mwenye shimo alidhani haipo. Hapo upungufu wa maarifa umekuwa upungufu wa mali, na zebaki imebaki mikononi na katika mapafu ya aliyefaidika kidogo.

Ama jasi, mambo yake ni kinyume kabisa. Ni jiwe laini, hata ukucha huliacha alama. Na mtu akitaka kulibainisha na chokaa hulidondoshea tone la asidi: chokaa hutoa povu, jasi safi haitoi. Kiwanda cha saruji huichanganya na klinka kwa kadiri ya sehemu 3 hadi 5 katika 100, ili saruji isigande upesi kabla fundi hajaitandaza, na ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hugeuka plasta. Saruji haikamiliki bila jasi, lakini bei yake kwa tani ni ndogo mno, na kwa hiyo nauli humeza thamani yake. Kutoka Itigi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, ilhali jasi ya Kilwa ina takribani nusu ya masafa hayo tu, na ile ya ng'ambo huja melini, na uchukuzi wa bahari kwa kila tani ni rahisi kuliko wa barabara. Omani, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazouza jasi nyingi kupita zote duniani, imepata nafasi hiyo si kwa wingi wa jasi pekee, bali kwa kuwa migodi yake haiko mbali na bandari.

Na jasi ya bara ina kasoro yake: aghalabu ni ya ungaunga, iliyochanganyika na udongo na mchanga. Tufanye hesabu ndogo. Lori la tani 30 likipakiwa jasi yenye usafi wa sehemu 70 katika 100, tani 9 za udongo zimesafiri hadi pwani kwa nauli ileile, na kiwanda kitaikata bei kwa sababu ya udongo huohuo. Jasi yenyewe, hata ikiwa safi, hubeba maji ndani yake kwa kadiri ya sehemu 21 katika 100. Na ikichomwa kuwa plasta hupoteza karibu sehemu 16 za uzito. Kwa hiyo mwenye kuchekecha na kuchoma karibu na shimo hupunguza mzigo na kuongeza bei kwa pamoja, na mwenye kusafirisha ghafi hufanya kinyume chake.

Serikali ilijaribu mwaka 2016 kulitatua jambo hili kwa kuzuia jasi na makaa ya mawe yanayoingizwa kutoka nje. Sidharau azma hiyo, kwani mnunuzi anayeshurutishwa kununua nyumbani ni bora kuliko kukosa mnunuzi. Lakini marufuku haifupishi njia wala haiondoi udongo katika jasi. Huihamisha gharama tu kutoka kwa mchimbaji na kumtwika mjenzi wa nyumba anayenunua saruji.

Wako watakaosema kwamba dawa ni reli. Hoja hii ina nguvu, khasa sasa ambapo reli ya kisasa kutoka Morogoro, yenye njia kuu ya urefu wa kilomita 336, imeelekezwa Makutupora, katika wilaya hiihii ya Manyoni. Hata hivyo historia ya Singida yatupa hadhari. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, na katika miaka ya 1940 tawi hilo liling'olewa kwa kuwa shehena haikutosha kulilipia, ingawa baadaye reli ilirejeshwa hadi Singida. Reli huchukua mzigo uliokwisha kutayarishwa, haiutayarishi. Garimoshi likipita Kintinku bila kuwapo ghala, mizani, kipakilio na mahali pa kuchekechea, mchimbaji ataendelea kuajiri lori.

Imebaki urani, ambayo inadai subira kuliko zote. Imo katika udongo na chokaa ngumu za mbuga za Bahi na Manyoni, karibu na uso wa ardhi, jambo linaloufanya uchimbaji uonekane mwepesi. Kampuni ya Uranex ya Australia ilitafiti huko katika miaka ambayo urani ilipanda hadi kupita dola 130 kwa paundi, mwaka 2007. Likafuata janga la kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, la Machi 2011, bei ikaporomoka hata chini ya dola 20 mwaka 2016, na kampuni hiyo, iliyobadili jina kuwa Magnis mwaka 2014, ikaelekeza nguvu zake katika grafiti ya Nachu, mkoani Lindi. Mwanzoni mwa 2024 bei ilipita tena dola 100, na bila shaka watafiti watarudi. Lakini kizuizi cha kiufundi hakibadiliki na bei. Chokaa huila asidi ya kuyeyushia urani, hivyo yafaa kutumia magadi, joto na maji mengi katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua. Na kwa kuwa bonde hili halina mlango wa kutokea, sumu yoyote itakayovuja katika mabwawa ya taka haitachukuliwa na mto kwenda mbali, bali itatua palepale wanapolima mpunga na kunywesha ng'ombe. Kwa insafu, mradi wa namna hiyo usihesabiwe kuwa na faida mpaka gharama ya kulilinda bonde kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa iwe imetiwa katika hesabu yake.

Yatokanayo na haya ni matatu. La kwanza, maarifa yatangulie leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo sheria imewahifadhia Watanzania kwa muda wa miaka 7 inayoweza kuhuishwa, humpa mtu haki ya kuchimba lakini haimwambii kilichopo chini. Na benki haikopeshi juu ya shimo lisilojulikana. Taasisi ya Jiolojia, ambayo asili yake ni idara iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1925, iko saa chache tu kutoka Kintinku. Kupima sampuli kwa ada nafuu na kuchora ramani za vitalu vidogo ni msaada mkubwa kuliko mkopo. La pili, usafishaji uwe karibu na shimo na upakiaji uwe karibu na reli, na Kintinku, iliyo njiani baina ya Itigi na soko la Dodoma linalojenga kila siku, ina haki ya kufikiriwa kuwa stesheni ya kazi hiyo. La tatu, sheria zetu, ambazo tangu mwaka 2017 zimesisitiza haki ya taifa juu ya mali yake, zifuatiwe na maabara, mafundi na mizani, kwa sababu umiliki usio na ufundi huishia kumkodishia mwenye ufundi. Mkoa utakaotimiza hayo utafaidi hata jiwe la bei ndogo, na utakaoyapuuza hautafaidi hata dhahabu.