Desemba ya Kugombea Namba

Mechi isiyo na pointi hudharauliwa, na mara nyingi huo ni uvivu wa kutazama. Huko Marekani, timu zote za ligi kuu ya besiboli huhamia Florida na Arizona kila Februari kucheza mechi ambazo matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wowote. Bado watu hulipa kiingilio, kwa sababu wanajua kuna vijana wanaogombea nafasi 26 za kikosi. Navakholo, magharibi mwa Kenya, haina besiboli, lakini ina Desemba. Kwa miaka mingi ligi ya soka ya Kenya ilifuata mwaka wa kalenda. Mchezaji wa Nairobi alirudi nyumbani kwa Krismasi pamoja na makarani na walinzi wenzake wa mjini, akamkuta mvulana wa shule anamsubiri kwenye mashindano ya kushindania mbuzi. Nadai kwamba huko ndiko namba ilikogombewa kwelikweli, kuliko kwenye majaribio ya klabu ya Januari, na kwamba shabiki wa kando ya uwanja aliona mengi kuliko kocha.

Historia inaunga mkono dai hili. Mpira ulienea Magharibi kupitia shule za misheni, Kaimosi ikiwa imefunguliwa mwaka 1902, kisha ukafuata vibarua hadi mijini. Huko Nairobi waliunda timu kwa majina ya kwao: Maragoli, Bunyore, Samia, Marama. Chini ya utaratibu huo, kijana alishindana na binamu zake tu. Mwaka 1964 timu hizo zikaungana kuwa Abaluhya United, na ghafla mabeki wa kushoto wa nusu ya mkoa wakawa wanaiangalia jezi moja. Klabu ilikuwa bingwa wa Kenya 1966 na 1967, na baada ya kubadilishwa jina kuwa AFC Leopards mwaka 1980 ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Mchezaji kama Joe Kadenge, aliyetoka Maragoli United, sifa zake zilimtangulia. Lakini kwa jamii ndogo kama Wanyala wa Navakholo, waliokuwa hata jimbo la uchaguzi wakiligawana na Lurambi hadi 2013, hakukuwa na wa kuwatangulizia sifa isipokuwa mashabiki wenyewe.

Na mashabiki hao walikuwa na vigezo. Uwanja wa shule ya msingi hufyekwa asubuhi, mistari huchorwa kwa jivu, milingoti ni ya mkaratusi, na upande mmoja mpira ukitoka unapotelea kwenye miwa. Kwenye nyasi zenye mashimo kama hizo, pasi ya kwanza ndiyo inayomfichua mtu. Anayeutuliza mpira uliodunda vibaya ameshajieleza. Shabiki wa kando ya uwanja alimwona kijana akiwa darasa la sita, akamwona akirefuka, akamwona akiumia goti na kurudi. Kocha wa majaribio humwona kwa dakika 20, kati ya vijana 100, pengine tumbo likiwa tupu baada ya safari ya usiku.

Patakuwa na wa kusema kwamba shabiki ni wa ukoo. Ni kweli, humsifia mtoto wa shangazi yake. Lakini hasemi peke yake. Jirani wa ukoo mwingine yupo palepale, na sifa ya uongo haivuki kipindi cha pili. Pingamizi zito zaidi ni jingine: jicho la umati hupenda chenga. Winga anayewazungusha watu wawili hubebwa juujuu, huku beki aliyesimama pahali panapofaa mechi nzima akienda nyumbani bila mtu kumkumbuka. Hapo nakubali, umati umekosea mara nyingi, na kocha anahitajika. Tofauti ni kwamba kosa la umati hupata nafasi ya kusahihishwa Desemba ijayo, ilhali aliyekataliwa kwenye majaribio ya siku moja kwa kawaida haitwi tena.

Siku hizi ligi huanza katikati ya mwaka na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata, hivyo Desemba wachezaji wa klabu wako kazini na mvulana wa Navakholo hucheza na wenzake wa kijijini tu. Klabu zinazolalamika kwamba vipaji vimekwisha Magharibi zitume mtu mmoja mwenye daftari, aje wiki ya Krismasi, na akae upande wa miwa.